Maski iliyovuja kuanzia saa nane usiku: kisa cha mama mmoja wa Umoja

Mgonjwa ni mama wa miaka 54, mkazi wa Umoja, Nairobi, na kazi yake ni kuuza mitumba katika soko la Gikomba. Ana ugonjwa wa presha. Alikuwa anameza dawa tatu na presha bado haishuki inavyotakiwa, ndipo daktari wake akauliza habari za usingizi. Aliyejibu ni mumewe. Mama anakoroma hadi watu wa nyumba ya chini wanasikia, kisha kimya, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini. Mchana alikuwa akisinzia amekaa juu ya robota huku wateja wakimwita.

Kipimo cha usingizi kilionyesha kwamba pumzi yake ilikuwa ikikatika au kupungua mara 41 kwa saa. Chini ya mara 5 huhesabiwa kawaida, na kuanzia 30 ugonjwa ni mkali. Ili kukatika kuhesabiwe, lazima kudumu sekunde 10 au zaidi. Hiyo ndiyo apnea ya usingizi ya aina iliyo ya kawaida zaidi: misuli ya koo inalegea mtu akilala, njia ya hewa inajifunga, oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha kidogo ili avute hewa, na mzunguko unaanza tena. Aliandikiwa CPAP, ile mashine inayosukuma hewa kupitia maski ili koo lisijifunge.

Mtoto wake aliye Marekani alimnunulia mashine mpya na kuituma kwa mkono wa jamaa aliyekuwa anarudi nyumbani. Mashine yenyewe haikuwa na kasoro. Ilikuwa ya aina inayojirekebisha, inapandisha na kushusha shinikizo kulingana na koo linavyotaka, na ilikuwa imewekwa kati ya sentimita 6 na 16 za maji. Maski, kwa upande wake, ilinunuliwa kwa kukisia: ya kufunika pua na mdomo, saizi kubwa, kwa kuwa mama ni mtu mwenye mwili. Hakuna aliyempima uso.

Alipofika kwetu alikuwa ameitumia kwa miezi kadhaa, na alikuwa amekaribia kuiweka kabatini.

"Daktari, hii kitu inanipulizia macho usiku kucha," aliniambia. "Naifunga mpaka kichwa kinauma, na bado inalia."

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwafunga watu maski na kusoma kadi za kumbukumbu za mashine zao, lakini Nairobi ukishavaa koti jeupe umeshaitwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwenye mwamba wa pua alikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi, na mashavuni mistari miwili ya mikanda ambayo saa nne asubuhi bado ilikuwa haijafutika. Kwenye mfuko aliobebea maski nilikuta vipande vya tishu vilivyokunjwa. Alikuwa anavishindilia kati ya silikoni na shavu ili kuziba hewa.

Nilitazama kwanza kidonda kile na mistari ile, hata kabla ya mashine. Maski iliyofungwa vizuri haiachi alama ya namna hiyo.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi siku ya kwanza, nalo ni kwamba kila maski ya CPAP inavuja kwa makusudi. Ina vitundu vidogo vya kutolea hewa uliyokwisha kuivuta, la sivyo ungeivuta ileile tena na tena. Hewa inayotoka hapo ni makumi ya lita kwa dakika, na huongezeka shinikizo likipanda. Mama alikuwa ameviziba baadhi kwa plasta, akidhani ni ufa. Niliiondoa plasta palepale nikamweleza kwa nini asirudie. Uvujaji unaotusumbua ni ule mwingine, unaopita pembeni mwa silikoni au mdomoni. Mashine nyingi za sasa huupima na kuuandika kila usiku. Kwenye mashine za kampuni ya ResMed, kwa mfano, mstari wa tahadhari ni lita 24 kwa dakika juu ya ile ya vitundu.

Kadi yake ilionyesha lita 52 katika nyakati mbaya za usiku. Matumizi yalikuwa wastani wa chini ya saa tano kwa usiku, na pumzi zilizobaki zikikatika ni 11 kwa saa. Hiyo 11 sikuitegemea. Mashine hupima mkondo wa hewa ili kujua kama koo limefunga, na hewa ikiwa inatoroka kwa wingi kiasi hicho, vipimo vyake vinachafuka. Inaweza kukosa kuona pumzi iliyokatika, au kuona isiyokuwepo. Mtu akiniletea kadi yenye uvujaji mkubwa na hesabu nzuri ya pumzi, sishangilii.

Grafu ndiyo iliyonipa mwanzo wa jibu. Kuanzia saa nne usiku alipolala hadi kama saa saba na nusu, uvujaji ulikuwa mdogo tu. Ilipokaribia saa nane ulipanda na haukushuka tena hadi alipoivua. Usiku baada ya usiku ilikuwa vivyo hivyo. Maski ni ileile, mikanda ni ileile, uso ni uleule. Basi ni nini kilichobadilika saa nane?

Nikaweka grafu ya shinikizo chini ya grafu ya uvujaji. Shinikizo ndilo lililotangulia. Lilikuwa linakaa kwenye 9, halafu linapanda 12, 14, hadi kugonga 16, na uvujaji unafuata nyuma yake kwa dakika chache. Nusu ya pili ya usiku ndiyo yenye usingizi mwingi wa ndoto, na katika usingizi huo misuli ya mwili hulegea kupita wakati mwingine wowote. Koo linafunga kwa urahisi zaidi, mashine inaongeza hewa, na maski iliyovumilia 9 inashindwa na 14. Ikishavuja, mama anaamka nusu, anavuta mikanda gizani, analala, inavuja upande wa pili. Saa tisa maski iko mezani, na saa kumi ni wakati wake wa kuamka kwenda kufungua marobota.

Lakini hilo lilieleza saa tu. Halikueleza kwa nini koo lake lilihitaji 16. Nilimwomba arudi na mto wake wa nyumbani, na mzee, mumewe, aje naye, maana yeye ndiye anayeona kinachotokea mama akiwa amelala.

Maski hupimwa mtu akiwa amelala. Ukimfunga akiwa ameketi kwenye kiti, uso wake una umbo moja. Akilala chali, mashavu yanarudi nyuma, kidevu kinashuka, na silikoni iliyokuwa imekaa sawa inabaki na nafasi. Tulimlaza kitandani na mto wake, nikaiweka mashine kwenye shinikizo lisilobadilika la 14, siyo lile la mwanzo linaloanza pole pole, kwa sababu nilitaka kuona maski katika hali ya saa nane. Nikalowesha mgongo wa mkono wangu kwa maji nikauzungusha taratibu kwenye ukingo wa maski. Ngozi yenye maji huhisi hata upepo mwembamba. Hewa ilikuwa inatoka sehemu mbili: karibu na jicho la kushoto, na chini ya mdomo wa chini. Alipogeuka ubavu, ule mto mnene ulisukuma fremu ya maski na ikafunguka upande mzima.

Nikalegeza mikanda yote minne. Mzee aliinuka kwenye kiti.

"Sasa si ndio itatoka kabisa?"

Nilimwomba aweke mkono wake pale nilipoweka wangu. Niliishika maski, nikaivuta kidogo mbele ili silikoni ijae hewa, nikairudisha usoni polepole. Silikoni ya maski hizi ina tabaka mbili, na ile nyembamba ya ndani ndiyo inayoziba, kwa kuvimbishwa na hewa ya mashine yenyewe. Ukiikaza mno unaibana isivimbe, inakunjamana, na kila mkunjo ni njia ya hewa. Nikakaza mikanda ya chini kwanza, kisha ya juu, kulia na kushoto sawa, na kuishia pale ambapo kidole kinapita chini ya mkanda bila kulazimisha. Karibu na jicho hewa ilikoma. Chini ya mdomo ilipungua, haikuisha.

Hapo ndipo kisa hiki kilipo, na ndiyo sababu nimekiandika. Maski ya pua na mdomo ikikazwa kupita kiasi husukuma taya la chini nyuma. Taya likirudi nyuma, ulimi unarudi nalo, na njia ya hewa inazidi kuwa nyembamba. Mashine inaona koo limefunga, inaongeza shinikizo. Shinikizo likipanda, maski inavuja. Ikivuja, mama anakaza. Alikuwa anavuta mikanda kila usiku kutibu jambo ambalo mikanda hiyohiyo ilikuwa inalichochea. Tafiti zimeonyesha mara kadhaa kwamba maski za kufunika pua na mdomo huelekea kuhitaji shinikizo kubwa zaidi kuliko za pua pekee, huvuja zaidi, na watu hushindwa kuzivumilia zaidi. Si kwa kila mgonjwa, lakini kwa huyu ilionekana wazi.

Kuhusu hewa iliyobaki chini ya mdomo, karatasi ya kupimia ilitupa jibu: saizi yake ni ya kati. Mtu mnene si lazima awe na uso mrefu. Kinachopimwa ni kutoka mwamba wa pua hadi chini ya mdomo wa chini, mdomo ukiwa umefunguka kidogo, na vipimo vya mwili havihusiki. Maski kubwa ilikuwa inaangukia kwenye ukingo wa kidevu, mahali ambapo kila mtu akilegeza taya panaachia nafasi.

Kwa nini basi tusimpe ya pua peke yake moja kwa moja? Kwa sababu pua yake ilikuwa imeziba. Nilimpa maji kidogo ayaweke mdomoni bila kuyameza na apumue kwa pua. Hakufika hata dakika moja. Mtu anayefungua marobota kila alfajiri anavuta vumbi la nguo lisilokwisha. Daktari wa masikio, pua na koo alimkuta na mzio wa pua, akampa dawa ya kupulizia puani kila siku na kumfundisha kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Kwa hilo la kusafisha pua nasisitiza kila mara: maji yawe yamechemshwa na kupoa, kamwe yasiwe ya mfereji moja kwa moja. Na Gikomba akaanza kuvaa barakoa ya vumbi wakati wa kufungua mzigo.

Kwa wiki za mwanzo, basi, alitumia maski ya aina ileile katika saizi ya kati, na mto mwembamba zaidi. Mambo madogo ya nyumbani ndiyo yaliyotuchukua muda, na hayo hayamo kwenye kijitabu cha maski yoyote niliyowahi kuisoma.

La kwanza ni mafuta. Ilikuwa Julai, usiku wa Nairobi ukishuka hadi nyuzi 11 au 12, na mama alikuwa anajipaka mafuta ya mgando uso mzima kabla ya kulala, na juu ya kidonda akiongeza. Silikoni juu ya mafuta inateleza, na baada ya muda mafuta huilegeza. Tulikubaliana uso uoshwe kwa sabuni na ukaushwe kabla ya maski, mafuta yangoje asubuhi. Kidonda kilifunikwa kwa plasta nyembamba ya vidonda vya mgandamizo hadi kikapona. Silikoni yenyewe huoshwa kila siku kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali. Spiriti na jiki huiharibu.

La pili ni nywele. Alikuwa amesuka rasta ndefu, na usiku anazifunga fundo kubwa kisogoni, juu yake boneti ya kuteleza, juu ya boneti mikanda ya maski. Mikanda inapanda taratibu juu ya kitambaa hicho hadi katikati ya usiku imehama kabisa. Tulibadilisha mpangilio: fundo lishuke shingoni, mikanda ikae moja kwa moja kwenye kichwa, boneti ivaliwe juu ya mikanda. Nikatia alama za kalamu kwenye mikanda kuonyesha inapoishia akiwa na rasta, na nikamwambia mapema kwamba akizifumua alama hizo hazitafaa tena. Nimeona wanawake wengi wakilaumu mashine wiki waliyotoka saluni.

La tatu halikuwa uvujaji ingawa alilileta kama uvujaji. Usiku wa baridi mashine ilikuwa inakoroga maji kwenye mpira wa hewa unaotoka kwenye mashine hadi kwenye maski, na matone yanamfika puani. Hewa yenye unyevu kutoka kwenye tangi la maji inapita kwenye mpira uliopoa na kugeuka matone. Tulishusha unyevu daraja moja, mashine ikashushwa kwenye stuli iliyo fupi kuliko kitanda, na mpira ukapitishwa chini ya blanketi. Yaliisha.

Uvujaji ulishuka hadi karibu na ule mstari wa 24, na shinikizo halikugonga tena 16. Pua ilipofunguka, akihimili maji mdomoni kwa dakika tatu bila shida, tulihamia maski ya pua pekee, ndogo, isiyogusa kidevu wala kusukuma taya.

Usiku wa mwanzo aliamka na kinywa kikavu kama jivu. Hewa ilikuwa inaingia puani na kutokea mdomoni. Mzee alikuwa ameona kwenye simu watu wakijibandika utepe mdomoni na alikuja ameshanunua. Nilimkatalia, na nitaendelea kuwakatalia wengine. Mama huyu ana mzio wa pua ambao unaweza kurudi usiku wowote. Pua ikiziba na mdomo umebandikwa, au akitapika, anabaki bila njia ya kupumua. Kuna mkanda wa kushikilia kidevu, nao nautumia kwa wachache, lakini kwanza niliomba tuangalie shinikizo. Mdomo mara nyingi hufunguka kwa kuwa hewa ni nyingi kuliko koo linavyohitaji. Kadi ilionyesha kwamba kwa maski mpya mashine haikuwa inavuka 10 na nusu isipokuwa dakika chache za usiku. Daktari wake aliangalia kumbukumbu hizo akashusha kikomo cha juu kutoka 16 hadi 12. Huo ni uamuzi wa daktari, kamwe si wa mgonjwa wala wa fundi, hata kama menyu ya mashine inafunguka kwa kubonyeza vitufe viwili. Unyevu tuliuongeza kidogo tena. Kinywa kikavu kilipungua baada ya siku chache, na mkanda wa kidevu haukuhitajika.

Tatizo hili lina umri sawa na tiba yenyewe. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walipochapisha matokeo ya wagonjwa wa kwanza mwaka 1981, maski zilitengenezwa kwa kufuata umbo la pua ya kila mgonjwa na kubandikwa usoni kwa gundi. Waliona tangu mwanzo kwamba hewa isipofika kooni kwa shinikizo linalotakiwa, hakuna tiba. Leo tuna saizi tatu au nne za kila aina, na bado kila uso unataka kupimwa.

Kadi ya mwisho niliyosoma inaonyesha uvujaji wa lita 14 katika nyakati mbaya, pumzi kukatika mara 3 kwa saa, na wastani wa saa sita na dakika kumi kila usiku. Kwa uvujaji mdogo kiasi hicho, ile 3 naiamini. Macho hayana wekundu. Presha imeshuka kiasi, ila daktari wake hajagusa dawa na sioni sababu ya kumharakisha, maana CPAP hushusha presha kidogo tu na kwa wengine haishushi. Mama mwenyewe anachokitaja ni kwamba hasinzii tena kwenye matatu hadi kupitishwa stejini.

Yaliyobaki ni ya vifaa. Silikoni huchakaa, inakuwa laini na kuteleza, na hapa mjini si kila aina ya maski ina vipuri dukani. Mtoto wake aliye Marekani anaweza kuendelea kutuma, lakini sasa ana picha ya jina la maski, aina yake na saizi, na anatuma ukingo wa silikoni peke yake badala ya maski nzima. Stima nayo hupotea Umoja, na ikipotea anajua aivue maski mara moja. Desemba anakwenda ushago akiwa amefumua rasta, kwa hiyo tumepanga aje wiki moja kabla tutie alama mpya kwenye mikanda, na mzee anaulizia bei ya betri itakayoendesha mashine usiku mzima bila tangi la maji, kwa sababu kupasha maji ndiko kunakomaliza betri haraka.